Mto unaopanda mlima: kutatua kasoro za ramani ya Tanga yenye mwinuko, mito na pwani

Ramani ya kidijitali ya Tanga hujengwa kwa data tatu ambazo hazikuzaliwa pamoja. Mwinuko umepimwa kwa rada kutoka angani: ama SRTM (rada ya chombo cha anga cha Marekani) ya Februari 2000, ama Copernicus GLO-30 (data ya Ulaya) ambayo vipimo vyake vilichukuliwa kati ya 2011 na 2015. Mito ama imechorwa na watu juu ya picha za setilaiti, kama ilivyo OpenStreetMap (ramani huria ya wachangiaji), ama imekokotolewa na kompyuta kutokana na mwinuko, kama HydroRIVERS. Mstari wa pwani nao unafuata alama ya maji yanapojaa, kwenye bahari inayopanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua.

Ukizipandanisha bila kuamua ipi iifuate ipi, zitagombana. Kanuni tunayoisimamia ni hii: ukingoni mwa bahari mstari wa pwani ndio wenye amri, bondeni ni mto, kwingine kote ni mwinuko. Panapokuwa na mgongano, mwinuko ndio unaopindishwa, kwa sababu mtu anayechora ufuo juu ya picha hukosea mita chache, ilhali kosa dogo la kimo kwenye pwani tambarare huhamisha ufuo mamia ya mita. Kasoro nyingi zilizo hapa chini zinatokana na kuacha programu ijiamulie yenyewe.

Zana zinazotumika ni QGIS (programu ya ramani) na GDAL (amri za kuchakata mafaili ya ramani), zote za bure. Mafaili ya asili yaweke kwenye folda ambayo huigusi, na kila hatua iandikie faili jipya.

## Mji umeangukia Hispania

Weka kishale juu ya mji wa Tanga usome namba. Kwa digrii utarajie latitudo karibu -5.07 na longitudo karibu 39.10. Kwa mita, katika UTM (mfumo wa gridi ya mita) kanda ya 37 Kusini (EPSG:32737, yaani namba ya utambulisho ya mfumo huo), utarajie mashariki karibu 511000 na kaskazini karibu 9439000. Zikitofautiana, mahali ulipoangukia mji panatosha kukuonyesha kosa.

Ukiuona mji Hispania, latitudo na longitudo zimebadilishana safu. Ukiuona kusini mwa Ethiopia, alama ya kutoa imedondoka. Ukiuona Ghuba ya Guinea, digrii zimesomwa kama mita za EPSG:3857, mfumo wa ramani za wavuti. Na kaskazini ikisomeka -560000, umebadilisha kwenda kanda ya 37 Kaskazini (EPSG:32637): mahali ni penyewe, ila namba zimeachana na za mafaili mengine kwa mita 10,000,000 kamili.

Karibu kila mara chanzo ni kuchanganya mambo mawili: kutangaza mfumo na kubadilisha mfumo. Kutangaza ni kuiambia programu namba zilizomo zina maana gani, na namba hazisogei. Kubadilisha ni kukokotoa namba mpya. Faili la digrii ukilitangaza tu kuwa ni la UTM, hujalibadilisha. Umelipa jina la uongo.

## Kipande kimefunguka, lakini mji haumo

Vipande vya SRTM hupewa jina la kona ya kusini-magharibi. Tanga ipo digrii 5 na kitu kusini, kwa hiyo mtu hupakua S05E039 kwa uhakika mkubwa, akakuta Moa, kisiwa cha Kirui na Vanga ya Kenya, na mji haupo. S05 huanza digrii 5 kusini na kupanda hadi digrii 4. Mji wa Tanga upo S06E039. Kaskazini mwa ikweta kosa hili halimpati mtu kirahisi, ndiyo maana maelekezo mengi hayalitaji.

Pangani iko magharibi kidogo ya longitudo 39, hivyo ni S06E038, na Lushoto ni S05E038. Kwa eneo la kutoka Pangani hadi mpakani, pamoja na Usambara Mashariki, unahitaji vinne: S05E038, S05E039, S06E038 na S06E039. Ukitafuta S06E040 hutaipata. Hapo ni bahari tupu na kipande hakikutengenezwa. Hilo si kosa la upakuaji.

Faili la .hgt likikataa kabisa kufunguka, angalia mambo mawili. Kwanza jina: halina maelezo ya mahali ndani yake, na GDAL husoma mahali kutoka kwenye jina. Ukilibatiza tanga.hgt umelipofusha. Pili ukubwa: kipande cha sekunde 1 (pikseli ya sekunde moja ya digrii, kama mita 30) kina safu 3601 kwa 3601, yaani baiti 25,934,402, cha sekunde 3 kina 1201 kwa 1201, baiti 2,884,802. Ukikuta ukubwa tofauti na huo, mtandao ulikatika katikati; pakua upya.

## Kila kitu kimehama kwa kiasi kilekile

Chagua alama tatu zilizo mbali: kona kali ya mto Pangani, rasi moja ya ghuba ya Tanga, makutano ya barabara Muheza. Pima tofauti kati ya tabaka lako na picha ya setilaiti.

Zote zikiwa zimehama upande mmoja kwa kiasi kilekile, tatizo ni datamu, yaani umbo la dunia ambalo vipimo vimelitegemea. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 ziko kwenye Arc 1960 (UTM 37 Kusini ni EPSG:21037). Namba zake ukizisoma kama WGS 84 (datamu ya GPS), kila kitu kinasogea karibu mita 300 kaskazini na kama mita 90 magharibi. Ukiona mchoro uliodijitiwa kutoka karatasi umekaa hivyo, usiuburute kwa mkono hata kama unaona utakaa sawasawa. Tangaza EPSG:21037, kisha ubadilishe kwenda EPSG:32737. QGIS ikikuuliza utumie badiliko lipi, chagua linalotaja Tanzania; lile la wastani wa nchi kadhaa hutofautiana nalo kwa mita kadhaa.

Kosa likikua kadiri unavyosogea mbali na alama moja, ni karatasi iliyoskaniwa ikiwa na mikunjo au alama za kufungia chache mno. Na kila alama ikienda upande wake, hapo si datamu tena. Nenda kwenye sehemu ya mito.

## Bahari imeingia mashambani, mikoko imesimama majini

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na dalili huja kwa sura tatu: bluu imetapakaa kwenye nyanda za chini nyuma ya ufuo, au kuna ukanda mtupu kati ya mstari wa pwani na rangi ya nchi kavu, au nchi yenye kimo cha mita 8 hadi 12 inaelea nje ya mstari wa pwani.

Chanzo ni kimoja: umeiachia kontua (mstari wa kimo kimoja) ya sifuri ichore bahari. Fanya hesabu. Copernicus GLO-30 ilikusudiwa kukosea chini ya mita 4 kwa asilimia 90 ya vipimo. SRTM ilikusudiwa chini ya mita 16, ingawa kwa kawaida hufanya vizuri kuliko hapo. Kwenye ufuo unaopanda mita 1 kwa kila mita 200, kosa la mita 2 tu linaisogeza kontua mita 400. Juu ya hilo, rada haikusubiri maji yajae wala yapwe, ilipiga saa ilipopita. Na sifuri yenyewe ni wastani wa kimahesabu wa uso wa bahari (EGM96 kwa SRTM, EGM2008 kwa Copernicus), wakati mstari wa OpenStreetMap unakusudia alama ya maji makuu ya bamvua. Kwa hiyo hata vipimo visingekuwa na kosa lolote, mistari hiyo miwili haingelingana.

Nchi inayoelea ni mikoko. Rada huona majani, haioni tope lililo chini yake. Ndiyo maana mikoko ya Kirui au ya mlango wa mto Zigi hutokea kama kilima kinachoanza ghafla kutoka majini.

Tiba ni kuunda kinyago cha nchi kavu (faili la pikseli linaloonyesha palipo nchi na pasipo) kutokana na mstari wa pwani na kuulazimisha mwinuko ukifuate. Kwanza unganisha vipande na uvipeleke kwenye mita:

gdalbuildvrt tanga.vrt S05E038.hgt S05E039.hgt S06E038.hgt S06E039.hgt

gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -te 441000 9381000 540000 9501000 -tr 30 30 -r bilinear -ot Float32 -srcnodata -32768 -dstnodata -32768 tanga.vrt tanga_utm.tif

Matokeo ni pikseli 3300 kwa 4000, kama megabaiti 53 bila kubanwa. Namba za -te, yaani mipaka ya eneo, zimechaguliwa zigawanyike kwa 30 bila baki. Zibadilishe upendavyo, lakini sharti hilo libaki. Kisha chukua poligoni (maumbo yaliyofungwa) za nchi kavu, zinazoelezwa sehemu inayofuata, uzipeleke EPSG:32737 kwenye faili nchi.gpkg, na uzigeuze kuwa pikseli kwenye gridi ileile:

gdal_rasterize -burn 1 -init 0 -ot Byte -te 441000 9381000 540000 9501000 -tr 30 30 nchi.gpkg nchi.tif

gdal_calc.py -A tanga_utm.tif -B nchi.tif --calc="numpy.where(B==1, numpy.maximum(A,1), -9999)" --NoDataValue=-9999 --type=Float32 --outfile=tanga_pwani.tif

Amri ya mwisho inasema: palipo nchi, kimo kisipungue mita 1, pasipo nchi, pawe patupu. Bahari sasa inachorwa kama tabaka lake la bluu chini ya vyote, na haitegemei tena kimo. Mita 1 hiyo ni ya kuonyesha tu. Ukitaka kukokotoa mafuriko au kupanda kwa bahari, usitumie faili hili; na kwa kweli usitumie SRTM kabisa, maana kosa lake ni kubwa kuliko jambo unalolitafuta.

gdal_calc ikilalamika kwamba vipimo havilingani, umebadilisha -te kwenye amri moja ukaisahau ya pili. Na kama ulikata kwa -crop_to_cutline, gridi imehamia kwenye ukingo wa poligoni na pikseli hazikutani tena. Ongeza -tap, inayofungia ukingo kwenye gridi, au achana na -crop_to_cutline na utumie -te kama hapo juu.

Wapo wanaochukua GEBCO (data ya kina cha bahari ya dunia nzima) kwa kuwa ina nchi na bahari pamoja, kina cha Mkondo wa Pemba kikiwemo. Kwa rangi za kina ni nzuri. Lakini pikseli yake ni sekunde 15, karibu mita 460, na ghuba ya Tanga kwa pikseli za namna hiyo ni vigae vichache. Iweke chini ya kinyago cha nchi kavu, isiamue ufuo.

## Bahari na nchi zimebadilishana

Ukitoa mistari ya pwani moja kwa moja kutoka OpenStreetMap na kujitengenezea poligoni, kumbuka kanuni ya uchoraji: ukifuata mstari, nchi iko kushoto na maji kulia. Kipande kimoja kikichorwa kinyume, au mstari ukikatwa na ukingo wa eneo lako bila kufungwa, programu hujaza upande usio wake. Unaweza kuzungusha mstari na kuufunga kwa mkono. Sisi hatuoni faida: poligoni za nchi kavu zilizokwisha kusafishwa zinapatikana bure kutoka mradi huohuo, na kazi ya kufunga imeshafanyika.

Zipo za aina mbili, nzima na zilizogawanywa. Zilizogawanywa ni nyepesi kuchora, lakini ukiziwekea mstari wa pembeni utaona mistari minyoofu inayokatiza nchi na visiwa. Hiyo ni mishono ya mgawanyo. Usipoteze muda kutafuta barabara au mpaka hapo. Toa mstari wa pembeni, uchore ufuo kwa tabaka la mistari peke yake.

## Mto unapanda mlima

Weka vimo kwenye nukta za mstari wa mto (QGIS ina zana ya kuchukua thamani za Z, yaani kimo, kutoka kwenye rasta, data ya pikseli), kisha chora wasifu (mchoro wa kimo kando ya mto) kutoka chanzo hadi mlango. Mto halisi hushuka au hukaa sawa. Utakaouona utapanda hapa na pale, na namna unavyopanda ndiyo inayoonyesha sababu.

Mstari ukienda kwa ngazi za pembe kali na kukaa ubavuni mwa bonde, huku tofauti ikibadilika upande kila baada ya kilomita moja au mbili, chanzo cha mto ni gridi pana. HydroRIVERS imetoka kwenye gridi ya sekunde 15. Kwenye ramani ya taifa zima inapendeza; kwenye bonde jembamba la Zigi linaposhuka kutoka Amani, mstari unaweza kukaa pikseli kumi na zaidi kutoka mkondo ulipo. Hakuna cha kurekebisha. Badilisha data, uchukue mto uliochorwa juu ya picha. Lakini usiweke zote mbili pamoja: mito itatokea mara mbili, na kwa kuwa mistari ya HydroRIVERS haina majina, hata utafutaji wa majina yanayojirudia hautakusaidia.

Mto ukipanda kwa mita 5 hadi 30 kwenye msitu na kutulia mashambani, ni miti. Msitu wa Usambara Mashariki una miti mirefu, na X-bendi (mawimbi mafupi ya rada) ya Copernicus huishia karibu na juu ya majani. C-bendi (mawimbi marefu kidogo) ya SRTM hupenya kidogo zaidi lakini haifiki chini. Mto mwembamba uliofunikwa na miti hauonekani kabisa. Dalili ndugu yake ni ukuta mnyoofu pale msitu unapopakana na shamba la mkonge: kivuli cha milima huonyesha genge la mita 20 mahali ambapo mtu hutembea bila kujua kuna tofauti. FABDEM, iliyotengenezwa kutoka Copernicus kwa kuondoa miti na majengo, hupunguza yote mawili sana, ila leseni yake hairuhusu matumizi ya kibiashara. Ukiwa unauza ramani, haikufai.

Mto ukipanda mara moja kwa ghafla na kushuka papo hapo, ni daraja, ukuta wa bwawa au pikseli mbovu. Zigi ina bwawa la Mabayani linaloipa Tanga maji. Hapo wasifu hukaa sawa kisha hushuka ngazi moja, na hiyo ni kweli ya mahali, iache.

Mto wote ukipanda kwa utaratibu kutoka baharini hadi mlimani, pongezi: mstari umechorwa kinyume. Ugeuze.

Kunyoosha wasifu fanya kwa mpangilio huu. Chukua kimo cha chini kabisa ndani ya pikseli 3 kwa 3 kuzunguka kila nukta, si kile kilicho chini ya nukta yenyewe; hili peke yake hutoa sehemu kubwa ya milima ya uongo. Pili, ondoa nukta zilizozama peke yake kuliko jirani zake wa pande zote mbili. Tatu, tembea kutoka chanzo kwenda mlango, na kila nukta iliyo juu kuliko iliyotangulia ipe kimo cha iliyotangulia. Hatua ya pili hairukwi. Nukta moja yenye kosa la mita 40 chini, ukiiacha, itauvuta mto wote unaofuata uende nayo, na utapata mto wa Muheza uliozama mita 40 chini ya bonde lake.

Kama unataka kukokotoa mabonde ya maji, unauchimba mto ndani ya mwinuko: geuza mistari kuwa pikseli, punguza kimo kwa mita 5 hadi 10, kisha jaza mashimo na uelekeze maji. Pasipo hivyo, kwenye nyanda za chini maji ya kompyuta yatajichagulia njia. Bonde la Luengera, kati ya Usambara mbili, ni mahali pazuri pa kujaribu ukipanua eneo lako magharibi, kwa sababu upande wa kila mlima unajulikana na mkondo unaokosea unaonekana mara moja. Faili lililochimbwa lisitumike kuchora kivuli cha milima, la sivyo kila kijito kitakuwa handaki.

## Mto unaishia kabla ya bahari

Sababu ni tatu na zinatenganishwa kwa kuangalia tu.

Mlango mpana kama wa Pangani huwa na poligoni ya maji pamoja na mstari wa katikati. Ukipakua mistari peke yake, mto mwembamba hufika mahali ukawa kama umekauka. Chukua tabaka la poligoni za maji pia, ulichore kwa rangi ileile.

Pili, umerahisisha matabaka (kupunguza nukta za mistari yake) kwa viwango tofauti. Ufuo ukirahisishwa kwa mita 100 na mto kwa mita 10, mlango hubaki nchi kavu au mto hutokeza baharini. Rahisisha kwa kiwango kimoja, au urefushe mistari ya mito mita 200 ndani ya bahari na uiweke chini ya tabaka la bahari; macho hayataona kitu.

Tatu, umekata kwa mpaka wa mkoa. Umba hutoka Usambara Magharibi na kumwaga maji yake Kenya, karibu na Vanga. Ukikata mapema kwa mpaka, unaukata mto na ukiukokotoa utakuwa hauna mlango. Kata kwa kisanduku kilicho pana kuliko mkoa kwa kilomita 20 kila upande, fanya kazi zote, na mpaka uutumie mwisho kabisa wakati wa kuchapa.

Mito ya msimu haihitaji tiba. Yenye alama ya kukauka ichore kwa nukta nukta. Watu wa bara la mkoa wanajua tofauti ya korongo na mto, na ramani inayowachorea bluu ya mwaka mzima hawataiamini.

## Mstari wima karibu na longitudo 39

Mstari unaopita kati ya Pangani na Tanga, kutoka kaskazini hadi kusini, ni mshono wa vipande. Umetengeneza kivuli cha kila kipande peke yake kisha ukaviunganisha. Pikseli za ukingoni hazikuwa na jirani wa kulinganishwa naye. Unganisha mwinuko kwanza, kivuli baadaye. Mshono ukibaki hata hivyo, umechanganya kipande cha sekunde 1 na cha sekunde 3, au SRTM na Copernicus. Tumia chanzo kimoja kwa ramani nzima.

Usambara ikiwa nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu, umetengeneza kivuli kutoka faili la digrii: kimo ni mita, umbali ni digrii, na kila mteremko unaonekana wima. Ongeza -s 111120 kwenye gdaldem hillshade, au tumia faili la UTM kama lile la hapo juu, ambalo halina tatizo hilo. Kivuli chenye mistari ya gridi kama kitambaa kilichofumwa kimetokana na kubadilisha mfumo kwa njia ya jirani wa karibu, ambayo ndiyo GDAL huichagua usipoiambia. Rudia kwa -r bilinear au -r cubic.

Kontua za meno ya msumeno zina sababu ndogo: SRTM huhifadhi mita nzima tu. Lainisha faili la Float32 kwa kichujio cha pikseli 3 hadi 5 kabla ya kuchora. Milimani, kontua za kila mita 20 zinasimama vizuri. Kontua za kila mita 5 kutoka data hizi ni urembo.

## Mashimo yenye kimo cha -32768

Hiyo ni alama ya pengo. Ukiona -32768 yenyewe, tangaza tu kwamba ni pengo. Ukiona namba kama -15210 au -8034 kuzunguka shimo, ulibadilisha mfumo kabla ya kutangaza, na programu imechanganya pengo na vimo vya jirani. Faili hilo halitibiki. Rudi kwenye la asili na uweke -srcnodata. Mapengo madogo ya mitelemkoni jaza kwa gdal_fillnodata.py -md 10, yaani yasizidi umbali wa pikseli 10. Makubwa zaidi yachukue kutoka chanzo kingine, ila kwanza pima tofauti ya wastani kati ya vyanzo viwili pembezoni mwa shimo na uiondoe, usije ukajenga kisahani.

Vimo vya GPS vya ufukweni vikisomeka zaidi ya mita 20 chini ya sifuri, kifaa si kibovu. Kinatoa kimo juu ya elipsoidi (umbo laini la dunia la kimahesabu), na pwani yetu uso wa bahari uko chini ya elipsoidi. Badilisha kwenda EGM96 au EGM2008 kabla ya kulinganisha na rasta.

## Visiwa vimepotea

Toten, ndani ya ghuba ya Tanga, ni kidogo na huwa cha kwanza kufutika ukirahisisha. Tazama kizio kwanza: ukiandika 30 kwenye faili la digrii, umeomba uvumilivu wa digrii 30, na nchi yote itapotea. Mita 30 ni kama digrii 0.00027. Kwenye ramani ya wilaya usizidi mita 20, na visiwa vidogo vitenge kwenye tabaka lao lisilorahisishwa.

Maziwe, mbele ya Pangani, ni suala jingine. Ni fungu la mchanga linalotokeza maji yakipwa na kufunikwa maji makuu yakijaa. Mstari wa maji ya bamvua ukifuatwa kwa haki, Maziwe si nchi kavu. Kwenye data moja utaikuta, kwenye nyingine hutaikuta, na zote zina hoja. Ichore kama fungu, kwa rangi ya mchanga na ukingo wa nukta, nje ya kinyago cha nchi. Kadhalika na mafungu mengine ambayo manahodha wa mashua wanayahitaji kuliko wanavyohitaji kontua za Usambara.

## Faili ni zito, ramani inasuasua

Bana bila kupoteza kitu na uweke piramidi za ukubwa (nakala ndogo za kutazama kwa mbali):

gdal_translate -of COG -co COMPRESS=DEFLATE -co PREDICTOR=YES tanga_pwani.tif tanga_mwisho.tif

Usibane mwinuko kwa JPEG hata mara moja. Hupunguza vimo kuwa ngazi 256 na kuzichafua. Picha ya kivuli inaruhusiwa, maana hiyo ni ya kutazamwa tu. Vekta (mistari na poligoni) zikisuasua, zihamishie kwenye GeoPackage yenye faharasa ya mahali, na mito yenye urefu chini ya mita 500 isiyo na jina iondoe kwenye mwonekano wa mbali. Kwenye kona ya ramani andika chanzo cha kila tabaka na tarehe ya kupakua. Kwa OpenStreetMap kutaja chanzo ni sharti la leseni, na tarehe itamsaidia yeyote atakayekuta ufuo wa Pangani umebadilika.